Lubaina Himid, mchoraji wa bahari anayerudishia watu majina yao

Ndugu wachimbaji wa Misisi na Lubichako, na ninyi mama na watoto munaobaki Baraka, leo tuongee habari ya picha. Mutauliza: picha na shimo vinahusiana namna gani? Musome mpaka mwisho.

Lubaina Himid alizaliwa Zanzibar mwaka 1954. Baba yake alikufa na malaria wakati mtoto alikuwa na miezi michache tu, mama akamupeleka Uingereza. Amekomalia kule, akawa mchoraji na mwalimu wa chuo kikuu katika mji wa Preston. Mwaka 2017, akiwa na miaka 63, alipata Turner Prize, zawadi kubwa ya wasanii wa Uingereza. Ni mwanamke mweusi wa kwanza kuipata.

Bahari haimutoki rohoni. Mwaka 1999 alichora mfululizo wa picha unaoitwa Zanzibar, picha zinaenda mbili mbili. Katika mfululizo mwingine, Plan B, unaona vyumba bila mtu, dirisha linaangalia maji. Amechora pia kanga zenye maneno, kama zile mama zetu wanafunga kiunoni.

Lakini kwake maji si uzuri tu. Alichora habari ya Le Rodeur, meli ya Ufaransa iliyobeba watumwa mwaka 1819. Ugonjwa wa macho uliingia melini, na watumwa waliopofuka wakatupwa majini, sababu hawakuwa tena na bei.

Kazi yake inayotugusa zaidi sisi ni Naming the Money, ya mwaka 2004. Alikata mbao, akachora watu 100, kila mmoja na urefu wa mtu kweli. Ni Waafrika waliotumikishwa katika nyumba za wakubwa wa Ulaya: wapiga ngoma, washona viatu, wafinyanzi, wachoraji wa ramani. Kila mmoja ana karatasi kama ya hesabu ya pesa. Inaonyesha jina lake la kweli, jina alilopewa na bwana, kazi aliyojua kwao, na kazi anayofanyishwa sasa.

Sisi wa Fizi si wageni katika habari hiyo. Misafara ya pembe na watumwa ilivuka ziwa letu kuelekea Ujiji, Tabora, Bagamoyo, mpaka Zanzibar, ambako soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873. Kiswahili tunachosema kilifika na njia ile ile. Kila asubuhi Baraka, jua linatokea nyuma ya Ubwari, ndagala zinaanikwa mchangani, maji yanang'aa. Ni maji yale yaliyobeba watu wasioandikwa popote.

Na leo? Dhahabu inapimwa mpaka kwa gramu na kuandikwa. Aliyeitoa haandikwi. Mashimoni mingi wenzetu wanajulikana kwa jina la utani tu. Udongo ukianguka, tunauliza: chini kulikuwa nani? Mwingine anazikwa, na mama yake pande ya ziwa anaendelea kumungojea.

Kwa hiyo ombi letu kwa kila PDG na kila ekipi ni dogo: daftari moja pa mlango wa shimo. Jina kamili, kijiji, na namba ya telefone ya mtu wa nyumbani, kila asubuhi mbele ya kushuka. Bei ya daftari haifiki hata ya bia moja.