Maelezo Kuhusu Kubadilisha Ekseli na Springi Zisizolingana

Wenye magari, madereva na watumishi waliokabidhiwa dhamana ya magari ya Serikali wanatanabahishwa juu ya jambo ambalo aghalabu huanzia gereji na kuishia mteremkoni, nalo ni kufunga ekseli ya gari moja chini ya gari jingine bila ya kupima springi.

Kibirizi ina sababu ya kulitazama jambo hili kwa karibu. Magari yanayopakia dagaa mwaloni huelemewa nyuma, kisha hupanda milima kwenda Mwandiga na Manyovu. Aidha, tunapakana na Burundi na Kongo, ambako magari hupita kulia na usukani huwa kushoto, ilhali kwetu ni kinyume. Katika Land Rover za zamani, springi ya upande wa dereva ilitengenezwa kuwa na nguvu kuliko mwenzake. Jozi iliyotolewa katika gari la usukani wa kushoto, ikifungwa hapa kama ilivyo, gari litainama upande wa dereva. Ekseli ya mbele ina kasoro zaidi: mkono unaopokea nguvu ya usukani huwa upande mwingine kabisa.

Jina la gari nalo lisimdanganye mtu. Land Rover Series III, iliyotengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985, ina upana wa milimita 1,308 baina ya gurudumu na gurudumu, na Defender ina 1,486. Land Cruiser ya namba 70 ilikuwa na springi za majani mbele mpaka 1999, ndipo ikapewa za mviringo na boliti za gurudumu zikawa tano badala ya sita. Fundi asemaye “itaingia tu” huenda akasema kweli, kwani kuingia si shida.

Shida ipo katika senta bolti. Kichwa cha boliti hiyo, kinachofunga majani ya springi pamoja, hukaa ndani ya tundu la kikalio kilichochomelewa juu ya ekseli. Hicho ndicho kinachoizuia ekseli isisogee mbele wala nyuma. Tundu likiwa pana kuliko kichwa, kazi yote huachiwa yubolti. Siku dereva atakapokanyaga breki kwa nguvu akiwa na magunia nyuma, ekseli huteleza upande mmoja, gari huenda mshazari, na mpira wa breki huweza kuvutwa ukakatika. Kuweka kipande cha chuma ili kuziba nafasi hakutoshi. Tundu lichongewe bushi ya chuma yenye kipimo sahihi, au kikalio kibadilishwe.

Umbali baina ya vikalio viwili lazima ulingane na umbali baina ya springi zilivyoning’inia chini ya chasisi. Vikalio vikikaa kwa pembe isiyo yake, mdomo wa difu huelekea juu au chini kupita kiasi na krosi za propela huliwa upesi. Uwiano wa meno ya difu za mbele na nyuma nao uwe mmoja, la sivyo gia hupigana pindi magurudumu yote manne yanapounganishwa.

Yubolti zilizokwisha kuvutwa zisirudishwe. Zifungwe mpya, na zikazwe tena baada ya gari kwenda kilomita mia chache. Boliti za bushi za mpira zikazwe gari likiwa limesimama kwa uzito wake, si likiwa juu ya jeki.

Kwa magari ya Serikali, matengenezo ni dhamana ya TEMESA, wakala ulioanzishwa mwaka 2005. Dereva asikubali ekseli ya kuokota hata akiharakishwa. Mwananchi wa kawaida aweza kujipimia mwenyewe kabla ya kulipa: anyooshe usukani, kisha apime kwa kamba kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi katikati ya la nyuma, kulia na kushoto. Kamba ya mvuvi yatosha. Vipimo viwili vikitofautiana kwa kuonekana, gari lirudishwe kwa fundi kabla halijapakiwa gunia hata moja.