Vyama vya wanafunzi wa imani au asili moja shuleni: Ni kimbilio au ni ukuta?

MTAA wa Bulla Pesa mjini Isiolo ni picha ndogo ya kaskazini mwa Kenya. Apitaye vichochoro vyake husikia Kiborana, Kisomali, Kimeru, Kiturkana na Kisamburu kabla ya kufika barabara kuu iendayo Moyale. Kiswahili ndicho huwaunganisha wote. Watoto wa nyumba hizo hukutana katika darasa moja, mbele ya mwalimu mmoja, wakiwa wamevalia sare moja.

Lakini sare haifuti tofauti. Mmoja anafunga Ramadhani, mwengine anakwenda kanisani. Mmoja alizaliwa mjini, mwengine amelelewa kwenye maboma ya wafugaji na bado anachekwa kwa lafudhi yake. Hapo ndipo linapozuka swali linalowagawanya walimu na wazazi: je, wanafunzi wenye imani, jinsia au asili moja waruhusiwe kuwa na chama chao shuleni?

Wanaopinga wana hoja nzito, hasa Isiolo. Mapigano ya kijamii ya mwaka 2011 na 2012 yaliwaua watu na kuzihamisha familia. Mzazi aliyeyashuhudia hawezi kulaumiwa akiuliza kwa nini watoto watengwe katika makundi ilhali shule ndiyo mahali pa kuwaleta pamoja.

Hata hivyo, ukweli ni kwamba vyama vya aina hiyo vipo tangu zamani, na wengi wetu tumevizoea kiasi cha kutoviona. Ni nadra kuikuta shule ya upili nchini isiyo na umoja wa wanafunzi Wakristo, chama cha vijana Wakatoliki au jumuiya ya wanafunzi Waislamu. Hakuna anayedai kwamba vinaivunja nchi.

Faida yake huonekana katika mambo madogo. Chukua mfano wa shule ya bweni mwezi wa Ramadhani. Mwanafunzi mmoja akimwendea mpishi kuomba daku saa kumi alfajiri, ataonekana msumbufu. Jumuiya yenye mwenyekiti, orodha ya wanachama na mwalimu mlezi ikiandika barua kwa mwalimu mkuu wiki mbili kabla, hilo huwa jambo la kupangwa. Jiko hujua idadi, bwana wa zamu hujua saa, na mwanafunzi hahitaji kujificha wala kujieleza kila usiku.

Kwa maneno mengine, chama humpa mnyonge sauti yenye utaratibu. Pasipo sauti hiyo, jambo dogo hukua.

KESI YA KIWANJANI

Isiolo ina mfano wake, nao umeingia katika vitabu vya sheria. Mwaka 2014 liliibuka ombi kwamba wanafunzi wa kike Waislamu wa Shule ya Upili ya Kutwa ya St Paul's Kiwanjani, ambayo mdhamini wake ni Kanisa la Methodist, waruhusiwe kuvaa hijabu na suruali nyeupe pamoja na sare. Mvutano ukapamba moto, na kanisa likaenda mahakamani.

Mnamo Machi 2015, Mahakama Kuu mjini Meru iliamua kwamba kuwaruhusu wasichana hao kungekuwa ubaguzi dhidi ya wenzao. Septemba 2016, Mahakama ya Rufaa ilibatilisha uamuzi huo. Januari 2019, Mahakama ya Juu nayo ilitupilia mbali uamuzi wa rufaa, ikisema madai ya mzazi aliyejiunga na kesi kama mhusika mwenye maslahi tu hayakuwasilishwa kwa njia ifaayo. Swali lenyewe la hijabu halikukatwa na mahakama hiyo.

Tazama safari hiyo: mahakama tatu, takriban miaka mitano, na msichana aliyekuwa kidato cha kwanza suala lilipoanza alikuwa amekwisha kumaliza shule. Kifungu cha 27 cha Katiba ya 2010 kinakataza ubaguzi kwa misingi ya dini, jinsia, asili, lugha na hata mavazi. Lakini Katiba haiketi mezani na mwalimu mkuu. Chama cha wanafunzi kinachotambuliwa, chenye mlezi na kikao cha kila muhula na utawala, hakingekuwa na uwezo wa kumaliza kila mzozo, ila kingetoa fursa ya kuusikiliza mapema.

SAUTI YA WASICHANA

Nchi jirani ya Tanzania ilionyesha njia mwaka 1996. Wataalamu wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akiwemo mwandishi wa tamthilia Penina Mlama, walianzisha mradi wa Tuseme kwa ajili ya wasichana wa shule za sekondari. Wasichana hukaa pamoja, hutaja yanayowakwamisha masomoni, huchunguza chanzo chake, kisha huyaigiza mbele ya walimu na jamii na kupendekeza la kufanywa. Baadaye mpango huo ulienezwa katika nchi nyingine za Afrika na shirika la FAWE, lenye makao makuu Nairobi.

Jambo la kuzingatia hapo ni mpangilio. Kwanza wasichana huwa peke yao, kwa kuwa yapo yasiyosemeka mbele ya wavulana. Halafu hutoka na kusema na wote. Kule kujitenga kwa saa moja ndiko kunakowapa ujasiri wa kurudi kwenye kundi kubwa.

MTIHANI MGUMU ZAIDI

Kundi linalozua hasira nyingi ni la wanafunzi wanaovutiwa na watu wa jinsia yao. Historia ya Marekani ina funzo hapa. Mwaka 1984 Bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria kwamba shule ya upili ya umma ikiruhusu chama chochote kisichohusu masomo, haiwezi kukikataa kingine kwa sababu ya dini au maoni ya wanachama wake. Waliopigania sheria hiyo zaidi walikuwa Wakristo waliotaka vikundi vya Biblia shuleni. Miaka iliyofuata, sheria hiyo hiyo ikawa ngao ya vyama vya wanafunzi mashoga na marafiki zao. Mjini Salt Lake City, mwaka 1996, bodi ya elimu iliona afadhali kupiga marufuku vyama vyote visivyo vya masomo kuliko kukiruhusu kimoja hicho. Ilibadili msimamo mwaka 2000.

Kenya si Marekani. Kanuni ya Adhabu ingali inaharamisha mapenzi ya jinsia moja, na Mahakama Kuu iliidumisha Mei 2019. Februari 2023, Mahakama ya Juu iliamua kwamba serikali haiwezi kukataa kusajili shirika la watetezi wa watu hao kwa sababu ya jina lake, lakini haikuigusa sheria hiyo ya adhabu. Waziri wa Elimu wa wakati huo, marehemu Profesa George Magoha, alipotamka mwishoni mwa 2021 kwamba wanafunzi wa aina hiyo wasikae shule za bweni, waandamanaji walimiminika katika barabara za Nairobi Januari 2022.

Mzazi wa Bulla Pesa, awe Mwislamu au Mkristo, ana imani yake juu ya suala hili, na makala haya hayamtaki aiache. Hata hivyo, mtoto anayepigwa bwenini au kutajwa mbele ya gwaride bado ni mtoto. Kifungu cha 53 cha Katiba humkinga kila mtoto dhidi ya dhuluma na ukatili, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza adhabu ya viboko na mateso ya kiakili. Pale ambapo chama hakiwezekani, mwalimu wa ushauri nasaha anayeweza kutunza siri ndiye kimbilio la pekee. Asipokuwepo, mtoto huyo hubaki na upweke wake, na upweke huwaondoa wengi shuleni.

MASHARTI YA CHAMA CHEMA

Hofu ya ukabila inaweza kutulizwa kwa masharti machache. Chama kiwe na mwalimu mlezi na shughuli zijulikanazo. Mlango wake uwe wazi kwa rafiki asiye wa asili wala imani hiyo. Wanasiasa wasikikaribie. Kila muhula kifanye jambo moja pamoja na chama kingine: jumuiya ya Waislamu iwaalike wenzao kwenye futari, nao umoja wa Wakristo uwaite katika usafi wa mji au mjadala. Chama kinachokataa masharti hayo kimejitambulisha chenyewe kuwa ukuta.

Watoto wa Bulla Pesa watakutana tena ukubwani, sokoni, kwenye visima na katika bunge la kaunti. Aliyefunzwa shuleni kueleza haja yake bila matusi, na kusikiliza ya mwenzake, atakuwa na njia nyingine ya kudai haki kabla ya kuwaza kushika silaha.