Sura ya 7: Mbiu ya Bei ya Maharage

Tuseme una duka la nafaka sokoni Kibondo. Ukutani kuna ubao wa chaki: maharage, mahindi, unga wa muhogo, asali, na bei mbele ya kila jina. Asubuhi maharage yamepanda. Unafuta, unaandika bei mpya, lakini kijana wa risiti hana habari. Mteja wa kwanza anauziwa kwa bei ya jana, na ubishi unaanza.

Programu nazo huugua ugonjwa huo. Bei imekaa kwenye kumbukumbu, skrini inaonyesha nakala tu. Kufungamanisha data ni kuhakikisha ubao ukibadilika, skrini nayo inabadilika bila kukumbushwa.

JavaScript ilipata Map katika toleo la 2015. Map ndiyo ule ubao: jina la bidhaa ni ufunguo, bei ni thamani.

bei.set("maharage", 3000);

Mstari huu unabadilisha bei kimyakimya. Kulikuwa na pendekezo, Object.observe, la kuifanya lugha yenyewe itangaze mabadiliko. Likaondolewa mwaka huohuo wa 2015. Kazi ikabaki kwa maktaba za programu: Knockout ilikwisha kuianza mwaka 2010, MobX ikaleta Map inayosikilizwa, na Vue 3 ya mwaka 2020 ikaijenga juu ya Proxy.

Ufundi wenyewe ni mdogo. Tunaandika upya njia ya set ndani ya Map yetu:

set(jina, thamani) {
  if (this.has(jina) && this.get(jina) === thamani) return this;
  super.set(jina, thamani);
  this.pigaMbiu(jina);
  return this;
}

Mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Ndiyo maana bei isipobadilika hatuipigi. Ikipigwa, haiiti soko zima. Kila ufunguo una orodha ya wasikilizaji wake, kwa hiyo maharage yakipanda, sehemu ya skrini inayoonyesha asali haiguswi. Duka lenye bidhaa elfu mbili litaona faida yake mara moja.

Sasa angalia kasoro iliyobaki. Jumla ya bidhaa zilizoko dukani haitegemei bei ya kitu chochote. Inategemea majina yaliyo ubaoni. Inahitaji mbiu yake, ya kuongezwa na kufutwa kwa jina. Na set haina habari na kufuta: hiyo ni kazi ya delete na clear, nazo lazima ziandikwe upya.

Kabla ya kugeuza ukurasa, futa asali ubaoni mwako. Ikibaki kwenye skrini, rudi kwenye delete.