Utafutaji wa Vitu vya Kale Katika Ardhi Yenye Chuma Kingi

Neno "chuma" katika Kiswahili lina maana mbili. Katika mazungumzo ya kila siku hukusanya metali ngumu za kila namna. Katika maana iliyo finyu ni ile metali moja tu aifuayo mhunzi na iliwayo na kutu. Kwa mtu atafutaye vitu vya kale ardhini kwa chombo cha umeme, tofauti ya maana hizo si jambo dogo. Chombo chake kina uwezo wa kuitambua, na faida au hasara ya kazi yake hutegemea namna aitumiavyo.

Chombo hiki kilikutana na shida ya chuma tangu siku zake za kwanza. Tarehe 2 Julai 1881 Rais James Garfield wa Marekani alipigwa risasi, na madaktari wakashindwa kujua risasi ilikokaa mwilini. Alexander Graham Bell, aliyekwisha pata sifa kwa kuvumbua simu, akatengeneza chombo cha kuitafuta kwa sauti. Katika majaribio kilifanya kazi vema, lakini kitandani kwa mgonjwa kilitoa sauti isiyoeleweka. Baadaye Bell alipata habari kwamba chini ya godoro palikuwa na godoro jingine la nyaya za chuma cha pua. Garfield alifariki tarehe 19 Septemba, risasi haijaonekana.

Utendaji wa vyombo vya siku hizi si mgumu kuueleza. Ndani ya waya uliozungushwa duara hupita mkondo wa umeme ubadilikao maelfu ya mara kwa sekunde moja. Mkondo huo huzaa nguvu ya sumaku iingiayo ardhini, nayo ikikutana na metali huamsha mikondo midogo ndani yake. Mikondo hiyo hurudisha jibu lililochelewa kidogo. Shaba na fedha, zipitishazo umeme kwa wepesi, hujibu kwa namna moja. Chuma, ambacho pia huvutwa na sumaku, hujibu kwa namna nyingine. Kwa kuupima uchelewaji huo, chombo chaweza kuamriwa kinyamaze kila kikutanapo na chuma.

Penye misumari michache msaada huo ni mkubwa. Lakini katika kiwanja cha nyumba ya kale iliyoungua, au katika uwanja wa vita, ambapo misumari na vipande vya mabati vimetapakaa, msaada hugeuka hasara. Chombo hakisikii kila kitu peke yake. Husikia jumla ya vyote vilivyo chini ya duara lake. Sarafu ya fedha iliyolala ubavuni mwa msumari yaweza kumezwa na jibu la msumari, na chombo kikanyamaza juu ya vyote viwili. Kinyume chake, pete ya chuma au bati kubwa lililokunjamana huweza kujibu kama shaba, mtu akachimba bure. Kwa hiyo ukimya wa chombo si ushahidi kwamba ardhi ni tupu.

Wenye uzoefu hutumia duara dogo, ili vitu vichache tu viwe chini yake kwa wakati mmoja. Hulipitisha polepole, karibu na ardhi, kisha hurudia mahali pale pale kwa njia ya kukingama. Maana sarafu na msumari vilivyofichana kutoka mashariki kwenda magharibi huenda vikatengana kutoka kaskazini kwenda kusini. Aghalabu huiondoa ile amri ya kunyamaza, wakalizoeza sikio kupambanua sauti. Hatimaye hapana dawa ipitayo kukitoa chuma chenyewe na kupima tena. Hapo ndipo mwindaji wa vitu vya thamani na mwanachuoni wanapoachana: wa kwanza hukitoa akitupe, wa pili hukitoa akiandike.

Mfano ulio wazi ni wa Little Bighorn, katika jimbo la Montana, Marekani, ambako tarehe 25 Juni 1876 wapiganaji wa Lakota na Cheyenne waliwashinda askari wapanda farasi wa George Custer. Mwaka 1983 moto uliunguza majani ya uwanja ule, ardhi ikaonekana. Mwaka uliofuata wanaakiolojia Douglas Scott na Richard Fox walianza kuupima, wakisaidiwa na watu wa kujitolea wenye vyombo hivi. Watafutaji walitembea kwa mstari. Kila penye sauti palichomekwa kibendera, wala hapakuchimbwa papo hapo. Wengine walifuata kuchimba, na wengine kuandika mahali kamili pa kila kitu, kiwe ganda la risasi, kichwa cha mshale cha chuma au msumari. Kwa kulinganisha alama zilizoachwa na bunduki juu ya maganda, waliweza kufuata jinsi bunduki moja moja ilivyohama uwanjani. Ikadhihirika kwamba wapiganaji wale walikuwa na bunduki za aina nyingi, zikiwemo za kufyatua mfululizo. Masimulizi yao, ambayo waandishi wengi waliyapuuza kwa miaka mingi, yakapata shahidi. Ganda lililotiwa mfukoni bila kuandikwa lilipotoka lisingalishuhudia neno.

Wala chuma chenyewe si takataka. Huko Sutton Hoo, Uingereza, mwaka 1939, Basil Brown alifukua kaburi la karne ya 7, ambamo mtu mkubwa alizikwa ndani ya merikebu. Mbao zilikuwa zimeoza. Zilizobaki ni safu za misumari yenye kutu na alama ya mbao mchangani. Kwa kuiacha misumari ilipolala, Brown alionyesha umbo zima la merikebu yenye urefu wa mita 27 hivi. Angaliitupa, merikebu ingalipotea mara ya pili.

Jambo hili lagusa pwani ya Afrika Mashariki pia. Katika karne ya 12 Al-Idrisi aliandika kwamba watu wa Malindi walichimba chuma na kukifanyia biashara, na mavi ya chuma yameonekana katika magofu kadhaa ya pwani. Chombo kilichoamriwa kukikataa chuma kingepita juu ya kazi ya wahunzi hao kimya, kikitafuta sarafu. Nchini Tanzania, Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 yakataza kuchimbua vitu vya kale bila leseni. Katazo hilo huhifadhi vitu, na pamoja navyo mahali vilipolala, ambapo pakisha fukuliwa bila kuandikwa hapana chombo kiwezacho kupatafuta tena.