Kutafuta Ndugu Waliopotezana Vitani

Vita vya miaka ya 1990 viliwatawanya watu wa Rwanda, Burundi na mashariki mwa Kongo kwa namna ambayo hata leo haijarekebishika. Mama alivuka ziwa hadi Kigoma, mtoto akafuata msafara mwingine kuelekea Goma, mjomba akafika kambi ya wakimbizi ya Kakuma nchini Kenya na baadaye akapelekwa Kanada au Marekani. Wengi waliosalimika sasa wana simu mkononi, na kwa sababu hiyo kazi ya kutafutana imehamia kwenye intaneti.

Kazi yenyewe ni ya zamani. Mwaka 1870, Ufaransa ilipopigana na Prussia, Msalaba Mwekundu ulifungua ofisi mjini Basel ya kupeleka habari za majeruhi na wafungwa kwa jamaa zao. Katika Maziwa Makuu, redio ndiyo iliyotangulia: mwaka 1994 BBC ilianzisha kipindi cha Gahuzamiryango kwa Kinyarwanda na Kirundi, kikisoma majina ya waliopotea na ya waliokuwa wakiwatafuta. Mwaka 2008 ndugu wawili wa Denmark, David na Christopher Mikkelsen, walianzisha huduma ya Refunite, baada ya kumsaidia kijana mkimbizi kutoka Afghanistan kutafuta watu wake. Huduma hiyo ilifika Afrika Mashariki na iliweza kutumika hata kwa simu ya kawaida.

Anayeandika jina tu kwenye kisanduku cha kutafutia, hata hivyo, mara nyingi hutoka mikono mitupu. Rwanda na Burundi, kwa desturi, kila mtoto hupewa jina lake mwenyewe, kwa hiyo ndugu wa tumbo moja huenda wasiwe na jina hata moja la pamoja. Tahajia nayo hugeuka mpakani: Youssouf wa Bukavu huandikwa Yusufu akifika Kigoma, na karani wa kambini huenda akaandika L mahali pa R. Inafaa kujaribu jina katika kila sura yake, kisha kuongeza jina la utani, kijiji, kanisa au msikiti, shule, na kazi ya baba. Hapa mzee wa ukoo ana thamani kuliko mashine yoyote, kwani ndiye anayekumbuka kwamba shangazi aliitwa kwa jina la mwanawe wa kwanza, na kwamba alikuwa na kovu la moto kwenye kiwiko cha kushoto.

Kovu kama hilo lisitangazwe hadharani. Matapeli husoma matangazo ya waliopotezana, wakajifanya ndugu, kisha wakaomba nauli au pesa za hospitali. Ni ukatili mkubwa, maana aliyengoja miaka mingi hutuma pesa bila kuuliza mara mbili. Jambo moja linalojulikana nyumbani tu libaki siri, na anayejitokeza aulizwe hilo kabla ya lolote. Kwa mkimbizi aliyekimbia watu wanaomtafuta kwa ubaya, hata jina na mahali anapoishi ni hatari kuviweka wazi. Refunite iliwaruhusu watu kujiandikisha kwa alama ambazo jamaa pekee wangezitambua. Trace the Face, mtandao wa Msalaba Mwekundu ulioanza mwaka 2013, huonyesha picha ya mtafutaji bila jina lake, na kutaja tu kama anamtafuta mama, kaka au mtoto.

Anayetafuta anaweza pia kufungua ombi, bila malipo, katika ofisi ya Msalaba Mwekundu ya nchi aliko. Ndugu akipatikana, huulizwa kwanza kama anataka mawasiliano, na asipokubali, anwani yake haitolewi. Wapo wanaokataa kwa sababu ya ugomvi wa zamani wa shamba, ndoa mpya, au mambo yaliyotendeka wakati wa vita ambayo hawawezi kuyazungumza. Aliyetafuta huumia sana, lakini haki hiyo ni ya aliyepatikana.