Siku ukikosa moyo, weka mbao tu

Mwanzo wa mwaka kila mtu ana moyo. Unafungua akaunti ya akiba kwa simu, unaiita "Karo", unaweka mia tano ya kwanza. Halafu inakuja wiki ya mvua, biashara inalala, na hiyo akaunti unaanza kuogopa hata kuiangalia. Tunaijua hali hii kwa sababu wateja hutueleza, na tusidanganyane, hata sisi tuna akaunti kama hizo.

Mama mmoja anayeuza sukuma wiki na nyanya Soweto West, Kibera, alitusimulia yake. Kijana wake alikuwa anakaribia kuingia sekondari, kwa hivyo akajiwekea lengo la shilingi 200 kila siku. Wiki tatu mambo yakaenda sawa. Siku nyanya zilipomuozea akaruka, akajiambia kesho ataweka mia nne. Hakuweza. Siku ya tatu alikuwa anajidai mia sita, na hapo akaacha kabisa, miezi miwili. "Mbao singekosa," alituambia. "Lakini mbao mbele ya mia sita ni nini?"

Mbao ndiyo hiyo hiyo iliyoupa jina Mpango wa Pensheni wa Mbao, ambao mtu wa jua kali alikuwa akiweka akiba ya uzeeni kwa simu kuanzia shilingi 20 kwa siku. Watafiti waliwahi kuutumia mpango huo kujaribu kitu hapa Kenya, na matokeo yakachapishwa mwaka 2016. Walifuata wafanyakazi wa sekta isiyo rasmi wapatao 2,400 kwa miezi sita. Wengine walitumiwa ujumbe wa kuwakumbusha kila wiki. Wengine ujumbe ulikuja kana kwamba umeandikwa na mtoto wao. Wengine waliongezewa asilimia 10 au 20 juu ya walichoweka. Kundi moja likapewa sarafu ya rangi ya dhahabu yenye namba 1 hadi 24, moja kwa kila wiki. Ukiweka, unakwaruza namba ya wiki hiyo kwenda juu na chini. Usipoweka, unakwaruza kwa ulalo.

Kati ya yote hayo, sarafu ndiyo iliyofanya kazi zaidi, kuliko hata pesa za bure. (Hili lilitushangaza sisi tunaotuma jumbe za kukumbusha kila siku!) Tunavyoona sisi, siri ni mbili. Sarafu inakaa nyumbani, watu wa nyumba wanaiona, lakini akiba ya simu haionekani. Pili, wiki mbaya nayo ina alama yake. Imeandikwa, imepita, unaendelea na namba inayofuata bila kufidia.

Kwa hivyo jiwekee viwango viwili: cha siku nzuri na cha siku mbaya. Cha siku mbaya kiwe kidogo hadi uone aibu kukiacha. Angalia kwanza ada ya kuweka kiasi kidogo. Kama inakula akiba, tia sarafu kwenye mkebe, utume zote Jumamosi. Weka mchana ukiwa bado na mauzo mkononi, usingoje usiku umechoka. Na tafadhali, usikope kwa simu ili kufikisha lengo la akiba. Ada ya mkopo itakula sehemu ya unachoweka.

Yule mama sasa ana kalenda nyuma ya mlango wa kibanda. Siku ya mia mbili anapiga tiki, siku ya mbao anatia nukta, siku ya bure anaandika sufuri. Tulipomtembelea, wiki hiyo ilikuwa na tiki moja, nukta nne na sufuri mbili. Kijana wake alikuwa amesimama hapo akizihesabu, akamuuliza, "Mathe, leo ni nukta?" Mama akatoa simu kwenye aproni, akaingiza PIN akiwa ametupa mgongo.