Je, Wajua? Dawa ya malaria inayotuliza kinga ya mwili

Magome ya mti wa kwinini, unaolimwa milimani Kivu kaskazini mwa Uvira, hutoa dawa ya malaria inayofahamika vizuri katika bonde la Ruzizi. Mwaka 1894, daktari Payne wa London aliwapa kwinini wagonjwa wa lupasi, ugonjwa ambamo kinga ya mwili huushambulia mwili wenyewe.

Leo kazi hiyo ya kutuliza lupasi hufanywa na haidroksiklorokwini, iliyozaliwa maabarani katika juhudi za kupata dawa mbadala wa kwinini. Huingia ndani ya seli za kinga, ikajikusanya kwenye vifuko vyenye asidi na kupunguza ukali wa asidi hiyo. Humo ndimo vipokezi TLR7 na TLR9 hutambua vinasaba vya virusi na bakteria. Asidi ikipungua, vipokezi hushindwa kupiga mbiu. Seli hutoa kwa uchache interferoni na TNF, protini zinazochochea uvimbe, homa na maumivu.

Nafuu huja baada ya wiki kadhaa. Lakini dozi kubwa kwa miaka mingi huweza kuharibu retina. Usiinunue bila agizo la daktari, na ukiitumia, pima macho.